Oili ya Pijo la Baba

Soweto, Mbeya
11 Februari 2024

Mdogo wangu Gerson,

Kamwene. Huku tu wazima, kama unataka kujua. Mvua inanyesha bila adabu, mahindi ya uani yamenifika kifuani, na Mama anakula vizuri. Miguu yake inavimba jioni, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote: mchungaji wetu mpya anasemwa kila Jumapili kuwa anahubiri kama mtu anayewahi basi. Mama anakuulizia. Namwambia uko dukani unapanga makopo.

Naandika kwa karatasi kwa sababu namba yangu umeifungia tangu tulipomzika Baba, na kwenye kundi la familia ulitoka bila kuaga. Sikulaumu. Nimekuwa mkunga maisha yangu yote, nimezoea kutukanwa na watu walio katika uchungu. Barua hii ataibeba kondakta wa basi lile lile lililoniletea mzigo wako.

Sasa tuje kwenye huo mzigo. Nimefungua boksi nikitegemea pengine umemkumbuka Mama kwa kitenge au hata sabuni. Nikakuta kopo la oili ya gia na kikaratasi: "Weka hii kwenye Pijo." Hakuna salamu. Hata daktari akimwandikia mgonjwa dawa huandika jina lake juu.

Nimeisoma hiyo oili yako. GL-5, namba mia na arobaini. Ni oili nzuri kwa difu, gia za nyuma za lori linalobeba mbao za Mafinga. Kwa giaboksi ya Pijo 404 la mwaka sitini na nane ni adhabu. Mle ndani kuna ringi za shaba ambazo kazi yake ni kushikana kidogo na gia, ili gia mbili zilingane mwendo kabla hazijaingiliana. Oili yako ni nzito kama asali, na dawa iliyotiwa ndani yake ili kulinda chuma haina urafiki na shaba. Baba aliendesha gari lile tangu alipolinunua kwa yule daktari wa misheni mpaka alipoacha kuona vizuri, na kwenye giaboksi aliweka oili ya injini, ya kawaida. Kiwanda chenyewe kilisema hivyo. Nami naweka hiyo hiyo.

Kopo lako linarudi na barua hii. Uza.

Nimesikia pia kuwa binti yako Goodness anaolewa mwezi wa nane. Nimesikia kwake mwenyewe.

Dada yako,
Damari


Ipogolo, Iringa
2 Aprili 2024

Dada Damari,

Nakusalimu wewe na Mama. Pasaka imepita salama. Lea mke wangu ana goti linalomsumbua akipanda ngazi za kanisa, na mimi niko kama kawaida, nashukuru. Mwambie Mama nampenda na kwamba sipangi makopo. Nina watu wa kuyapanga.

Barua yako nimeisoma dukani, na nikamsomea Saulo, dereva wangu, ile sehemu ya oili ya injini. Alicheka mpaka akakaa chini. Dada, nimeuza oili hapa Ipogolo tangu siku ambazo watu wa mji huu waliita kila kitu kinachoteleza "grisi". Malori yanayokwenda Tunduma yanasimama mlangoni kwangu kabla hayajasimama kwa mama ntilie. Halafu mtu aliyestaafu kuzalisha watoto ananifundisha giaboksi.

Nikueleze taratibu. Kuna GL-4 na kuna GL-5. Tano ni zaidi ya nne. Watoto wa chekechea wa usharika wetu wanalijua hilo. Na kama gari ni zee na gia zinalia, unaweka oili nzito ili zinyamaze. Kuweka oili ya injini kwenye giaboksi ni kama kusonga ugali kwa chai: kitu kitatokea ndani ya sufuria, lakini usikiite ugali. Baba aliweka oili ya injini kwa sababu nyakati zile hakuna kitu kilichopatikana. Shida ya mzee wewe umeigeuza kuwa elimu.

Kopo nalirudisha kwako tena. Gari lile ni la familia. Goodness ana wazo lake, kwamba afike kanisani kwa gari la babu yake, nami sijampinga. Kwa hiyo mwezi wa saba nitamtuma Saulo aje alichukue. Wewe hakikisha tu lina oili ya maana na matairi yana upepo.

Nakutakia kazi njema ya bustani.

Gerson


Soweto, Mbeya
28 Aprili 2024

Gerson mdogo wangu,

Kamwene tena. Mvua zinaelekea kuisha. Mama amepata fimbo mpya na anaitumia zaidi kuelekeza watu kuliko kutembelea. Pole kwa Lea. Mwambie akande goti kwa maji ya moto yenye chumvi na aache kupanda ngazi kwa kushindana na wasichana wa kwaya.

Kopo lako nimeligawa. Jirani yangu ana trekta bovu kule Rujewa, na trekta limefurahi. Kwa hiyo usitafute tena namna ya kunirudishia.

Nimelisoma somo lako la hesabu. Tano ni zaidi ya nne, kweli. Na kiatu namba kumi ni zaidi ya kiatu namba saba, lakini ukimvalisha Lea ataanguka. Zile namba hazisemi ubora, zinasema kazi. Mtu aliyeuza oili miaka yote hiyo bila kulijua hilo, mimi naona huruma kwa malori ya Tunduma.

Kuhusu Saulo: hapana. Alipokuja msibani aliomba kulisogeza Pijo lipishe gari la jeneza. Kulisogeza tu. Alilivuta lile gongo la gia pale kwenye usukani kana kwamba anang'oa muhogo. Mimi nilikuwa kando ya sanduku la Baba, na bado niliisikia ile sauti. Gari lile haliendeshwi na mtu anayelilazimisha.

Goodness akitaka gari la babu yake, atalipata. Mimi ndiye nitakayelileta.

Umeniandikia kuhusu gari, oili, matairi na Saulo. Naona kadi za harusi Iringa bado hazijaanza kuchapwa.

Damari


Soweto, Mbeya
5 Julai 2024

Gerson,

Mama hajambo. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi majani yote ya uani yanakuwa meupe.

Mwezi wa tano hukujibu. Mwezi wa sita hukujibu. Nikasema labda ndugu yangu ametafakari. Kumbe ulikuwa na kazi.

Juma lililopita nilikwenda Rujewa kuchukua mchele wetu. Nilipanda gari la jirani kwa sababu njia ya shambani ina matope na Pijo silipeleki huko. Nililala huko huko. Kumbe siku hiyo Saulo alikuja hapa kwangu akiwa na fundi wa Mwanjelwa, akamsalimia Mama kwa heshima zote, akampa sukari na salamu zako, akasema tumepatana mimi na wewe lifanyiwe "sevisi ya harusi". Mama akampa ufunguo. Alifurahi. Alidhani tumeanza kuongea. Nimeambiwa hata aliwakaangia mayai.

Niliporudi hakuniambia kitu, alitaka iwe zawadi. Asubuhi ya Jumapili nikawasha gari twende kanisani. Injini ikawaka vizuri. Nikakanyaga klachi, gia ikagoma. Si kugoma kwa kuharibika, ni kugoma kama kijiko ndani ya uji uliolala. Tukaipata ya kwanza kwa shida. Ya pili ikasaga meno mpaka watu wa ibada ya kwanza wakageuka. Mama akaanza kulia, na mimi sikuelewa analilia nini mpaka alipotaja jina lako.

Nimelifungua mwenyewe na fundi wangu Sifaeli. Imetoka oili yako, nyeusi, nzito, inanuka kiberiti. Chini ya karai kulikuwa na vumbi la njano linalometameta. Siwezi kuapa kwamba ni kazi ya oili yako; gari ni zee na shaba huisha. Ila gia ya tatu ilikuwa inaingia kabla ya kazi ya Saulo, na sasa haiingii mpaka nikanyage klachi mara mbili. Tumeisafisha, tumerudisha oili ya injini. Ya pili imepona. Ya tatu haijapona.

Nimewahi kukuona mjeuri, na nimewahi kukuona mchoyo. Hii ni mara ya kwanza nakuona unatuma mtu kumdanganya mama yako kwa sukari.

Damari


Ipogolo, Iringa
19 Julai 2024

Dada,

Natumaini mko salama.

Saulo nilimwambia aje akutafute wewe. Sikumwambia aongope. Hilo nimemuuliza na amejieleza, na sitaki kuliandika zaidi.

Kuhusu oili sibadili neno. Gari lililochoka limechoka. Nimekodi gari jeupe la kisasa kwa ajili ya Goodness, lenye gia zinazojibadilisha zenyewe, halihitaji elimu ya mtu. Pijo libaki huko huko Soweto, ulifute vumbi kila Jumamosi kama ulivyozoea. Kadi yenu iko ndani ya bahasha hii. Wewe na Mama mnaweza kupanda basi la asubuhi. Kuna wageni watakaolala kwetu, kwa hiyo nimewatafutia chumba kwa binamu Abrahamu hapo chini, karibu na daraja.

Umeniita mchoyo, nami nikukumbushe jambo. Baba alikufundisha wewe kuendesha lile gari, kule uwanja wa ndege, kila Jumapili baada ya ibada. Mimi nikiuliza naambiwa nisubiri nikue. Nilikua. Nikafungua duka, nikauza oili kwa kila dereva wa barabara hii, na kila mwaka nikimtembelea nilikuta mmekaa ninyi wawili mbele na mimi nafunguliwa mlango wa nyuma. Siku ya maziko, kabla udongo haujakauka, uliwasha gari ukaondoka nalo. Watu walinitazama mimi, si wewe.

Sihitaji jibu la hilo.

Gerson


Soweto, Mbeya
25 Julai 2024

Gerson,

Kadi imefika. Ni nzuri, ila jina la Mama limekosewa herufi.

Tutakuja. Basi hatupandi.

Damari


Ipogolo, Iringa
22 Septemba 2024

Dada Damari,

Kamwene. Huku upepo wa Septemba umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Goodness na mumewe wamerudi kutoka kwa wakwe, wamenenepa wote wawili. Lea anakusalimu, goti limepata nafuu kwa ile chumvi yako, na anaitangaza kwa kila mtu kana kwamba ameigundua yeye. Mama nilizungumza naye Jumapili kwa simu ya jirani yako. Alinikatia simu akisema uji unaungua.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nasubiri uanze wewe. Mke wangu amesema kama nasubiri hilo ninunue kiti kizuri.

Siku ile ya harusi uliona upande wako; nikwambie wa kwangu. Lile gari jeupe lilifika mapema, limepambwa. Goodness alikuwa tayari, anatoka mlangoni, na mimi nimemshika mkono. Ndipo tukasikia honi ya Pijo inapanda kutoka darajani. Mtoto akauachia mkono wangu. Hakunitazama hata mara moja. Aliinua gauni lake, akapita mbele ya gari la kukodi na maua yake, akaenda kukaa kiti cha nyuma cha lile gari lenu akiwa amembana Mama, aliyekuwa ameshashuka mbele na kuhamia nyuma. Nilibaki nimesimama na suti. Wewe ukatazama mbele tu, ukasema, "Kama baba wa bibi harusi anakuja, mlango wa kushoto uko wazi."

Nilipanda kwa hasira. Nilikuwa nimejiandaa kuisikia hiyo giaboksi ikilia mpaka kanisani, na nilikuwa nimeshatunga maneno ya kukuambia mbele ya wote.

Halafu tukaanza mlima wa kupanda mjini. Mbele yetu lori la saruji linakwenda kama limebeba msiba. Ukapunguza. Injini ikaanza kuzidiwa, inatakiwa gia ya pili. Nikakuona umenyanyua mkono wa kushoto kuelekea kwenye gongo, mkono ukafika katikati ukakwama pale hewani. Nilidhani unaogopa gia. Ndipo nikaona uso wako. Hukuwa unaogopa. Lilikuwa ni bega, lilikuwa limegoma, na jasho lilikuwa limekutoka juu ya mdomo kama mmoja wa wale wanawake wako wa wodini.

Sikufikiri. Nilishika lile gongo. Ulisema, "Subiri," ukakanyaga klachi, ukaachia, ukakanyaga tena. "Sasa." Na Mama akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu anayepokea chenji sokoni, "Vuta kwanza, ndiyo ushushe. Usisukume."

Nikavuta, nikashusha. Ikaingia. Dada, nimeshika magari mengi. Ile gia iliingia kama ulimi unavyorudi mdomoni. Nilibadilisha gia zote za mlima ule, wewe unakanyaga, mimi navuta, na nyuma Goodness analia, na Mama anamwambia asiharibu poda.

Baada ya sherehe nilikutafuta niseme kitu, nikakuta mmekwisha kupanda basi na ufunguo umeachwa kwenye sahani ya keki.

Gari liko bandani kwangu, tulilisukuma kwa mikono mpaka ndani. Saulo simruhusu hata kuliegemea. Nimefungua ile nati ya kujazia, nikachovya kidole: ni oili ya injini, nyembamba, safi. Sijaibadilisha. Usifikiri hiyo ni samahani. Juzi alikuja mzee wa Kalenga mwenye Pijo kama letu, anataka oili ya gia, nikamwuzia ya injini. Alinicheka mbele ya wateja wangu, akasema labda biashara imenishinda. Nilimweleza habari za shaba mpaka akachoka. Akaondoka nayo, lakini bado alikuwa anacheka.

Mambo mawili yananisumbua. La kwanza, bega lako lina muda gani, na kwa nini hukusema? La pili, Mama hajawahi kuendesha gari maishani mwake. Amejuaje kuwa ile gia huvutwa kwanza?

Na mimi, nikiwa na umri huu, nina gari bandani nisiloweza kulitoa. Njoo. Mtalala kwetu.

Mdogo wako,
Gerson


Soweto, Mbeya
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Gerson,

Kamwene. Tu wazima. Umeandika barua ndefu kuliko zote na ndani yake hakuna neno "samahani" ila pale unaposema si samahani. Nimeipokea hivyo hivyo.

Unamwuzia mtu oili sahihi kwa mara ya kwanza na unataka apige makofi. Mwache acheke. Atarudi akiishiwa, na hatacheka.

Bega lina mwaka na nusu. Daktari anasema limekauka, nami nimemwambia hata yeye amekauka. Sikukuandikia kwa sababu ungemtuma Saulo mara ile ile, na safari hiyo ungekuwa na sababu.

Kuhusu Mama, ni hivi. Tangu bega lishikwe, mimi nakanyaga klachi na usukani naushika kwa mkono wa kulia, na yeye aliyekaa kushoto ndiye anayesogeza gia. Tulianza kwa utani, siku moja mvua ilipotukuta Mwanjelwa na mkono wangu ukagoma. Sasa tunakwenda kanisani hivyo, sokoni hivyo, na tulikuja harusini hivyo, kutoka Mbeya mpaka kwa Abrahamu, huku Makambako tukisimama anywe chai apumzishe kiganja. Ana miaka themanini na sita. Anaisikia injini kabla sijamwambia, na hajawahi kusaga gia hata moja.

Sasa utaelewa kwa nini Jumapili ile alilia. Alilishika lile gongo kwa mikono yote miwili, akavuta, halikwenda. Alidhani nguvu zimemwisha. Alilia njia nzima akisema sasa amekuwa mzigo, na kwamba hata Gerson akija hatakuwa na cha kumwonyesha. Nilipotoa ile oili yako na kuweka yetu, nilimkalisha kwenye kiti, nikakanyaga klachi, nikamwambia ajaribu. Ikaingia kwa vidole viwili. Alikaa pale bandani akiiingiza na kuitoa mpaka giza likaingia, na chakula cha jioni nikapika mimi.

Hilo sikuliandika mwezi wa saba. Nilikuwa na hasira, nikaona hukustahili kulijua.

Tutakuja Ijumaa kwa basi. Jumamosi asubuhi, kabla malori hayajajaa barabarani, tutakwenda uwanja wa ndege wa huko kwenu, pale pembeni ambapo bado wanaruhusu. Wewe utakaa kulia, Mama kushoto, mimi nyuma. Vaa viatu vyenye soli nyembamba. Atakufundisha yeye, kwa sababu mimi nitakutukana.

Akikuambia subiri, subiri.

Dada yako,
Damari